Sauti ya Mwikali katika Nyuzi Sita

Kabla sauti yake haijakatika, Mwikali aliweza kusimama upande mmoja wa stesheni ya Kiganjo, nje kidogo ya Nyeri, akamwita mtu, na huyo mtu, aliye ng'ambo ya mabehewa ya mizigo, akageuka kutazama begani kwake akidhani ameitwa na mtu wa karibu. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa inafika tu.

Alizaliwa Kilungu, Ukambani, akaja Nyeri mwaka wa hamsini na tisa kumfuata shangazi yake aliyekuwa mpishi katika shule moja ya bweni mjini. Yeye naye akapewa kazi ya kuchambua maharagwe na kukoroga uji. Aliimba akichambua, aliimba akikoroga, na shangazi akamwacha, kwa maana siku Mwikali alipoimba hata wale wanawake wavivu wa jikoni walimaliza kazi mapema.

Alasiri moja alitumwa Kiganjo kungoja magunia ya shule yaliyokuwa yakija na treni. Treni ilichelewa. Kwenye benchi ya stesheni palikuwa na kijana wa reli, Mbukusu wa Kimilili aitwaye Dishon Masinde, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli ili treni ya Nanyuki na ile ya Nairobi zisikutane uso kwa uso. Alikuwa amepakata gita, anapiga kwa kidole gumba na cha shahada, jinsi watu wa kwao wapigavyo. Mwikali akaanza kuimba chini chini kuufuata mdundo, bila kujua kwamba anasikika.

Masinde akaacha kupiga. "Wewe unatoka kwaya gani?"

"Sitoki kwaya. Natoka jikoni."

Mwaka uliofuata walioana, wakapewa chumba katika nyumba za reli, na mtoto wao Nafula akazaliwa humo wakati wa mvua za uhuru. Jumamosi zilikuwa za muziki. Masinde alipiga gita, Mwikali akaimba huku akigonga chupa tupu ya soda kwa msumari kushikilia mdundo. Walipiga Kiganjo, wakaitwa Karatina, wakaitwa Nanyuki, wakafika hata Gakindu wakati wa mavuno ya kahawa, watu walipokuwa na furaha ya kutosha kucheza mpaka viatu vifunguke nyayo.

Lakini wimbo uliomfanya ajulikane haukuwa wa kucheza. Aliutunga mwenyewe, na ulitoka nyumbani kwao. Kaka yake mkubwa, Mutua, alichukuliwa kwenda vita vya Bama, kule Asia, wakati Mwikali angali mtoto wa kubebwa, na hakurudi. Miaka mingi baadaye mama yao alikuwa bado akipakua chakula cha jioni na kuacha chungu wazi jikoni, ili Mutua akija asikute kimefunikwa akadhani watu wamekwisha kula. Wimbo ulianza hivi:

*Usifunike chungu, mama,*
*mtoto yuko njiani;*
*moshi wa jikoni mwako*
*ndio taa ya njiani.*

Mwikali alipouimba mara ya kwanza pale ukumbi wa Kiganjo, hakuwa amefikiria anaimba mbele ya nani. Miaka ile wanaume walikuwa wakirudi kutoka kambi za kizuizini za wakoloni, wengine wamekonda hata mama zao wakapita karibu nao wasiwatambue, na wengine hawakurudi kabisa. Wanawake wa Nyeri waliusikia wimbo wa mama Mkamba wakauchukua ukawa wao. Wacheza dansi walisimama. Wakati wa ubeti wa pili mtu alikuwa akilia huko nyuma ukumbini.

Aliyekuwa akilia ni Wachuka, aliyeuza magimbi ya kuchemsha, nduma kama waitavyo kule, kando ya stesheni. Mwanawe wa pekee, Simeon, alipandishwa lori la askari wa serikali mwaka wa hamsini na nne pamoja na vijana wengine wa kijiji, na tangu siku hiyo hakuna aliyemletea habari zake, za uzima wala za kifo. Tangu Jumamosi hiyo Wachuka alikuja kila dansi. Hakucheza. Aliketi karibu na mlango, akangoja wimbo wake, na ulipokwisha akajifunga shuka akaenda nyumbani.

"Mwikari," alimwambia siku moja, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na nafasi ya l, "hiyo wimbo ni kama mtu amenishikia mzigo kidogo, nipumzishe kichwa."

Katika mwaka wa sitini na sita Mwikali aliota uvimbe shingoni. Mwanzoni alifikiri ni rovu la kawaida, akafunga kitambaa akaendelea kuimba. Uvimbe ukakua. Kumeza kukawa shida, kulala chali kukawa shida zaidi, na hatimaye Masinde akaomba ruhusa kazini akampeleka hospitali. Daktari aliwaeleza bila kuficha kitu.

"Tusipotoa hiki kitu, kitakukaba. Tukitoa, kimezunguka mshipa wa sauti. Sauti huenda ikaenda nacho."

Masinde alianza kuuliza kama hakuna njia nyingine. Mwikali akamgusa mkono.

"Kata tu, daktari. Niko na mtoto mdogo."

Alipoamka, sauti haikuwepo. Wauguzi walimwambia angoje. Alingoja miezi. Kilichorudi kilikuwa mnong'ono wenye kokoto ndani, wa kutosha kumwita mtoto akiwa mlangoni, usiotosha kumwita akiwa kisimani. Kuimba ndiko kulikomshinda kabisa. Alipojaribu kupandisha sauti, ilitoka hewa tupu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Watu walikuja kumpa pole, kisha wakaacha kuja, jinsi ilivyo. Masinde alitundika gita ukutani, juu ya kitanda cha Nafula, na hakuligusa tena. Mwikali aliiona heshima hiyo na moyoni alimshukuru. Alidhani wote wawili wanaomboleza kitu kimoja.

Ikapita kama miaka miwili.

Gaudencia ndiye aliyeleta ile sahani ya santuri. Alikuwa mwanamke wa Kisamia, mke wa koplo Wandera aliyefundisha gwaride pale chuo cha polisi cha Kiganjo, na kwa muda mrefu alikuwa amepika katika nyumba ya mjane mmoja wa Kizungu kule Endarasha. Shamba la mjane lilikatwakatwa wakapewa watu, naye akafunga virago kurudi kwao. Gaudencia aliachiwa mapazia, sufuria, gramafoni ndogo ya betri na sahani moja. Mapazia na sufuria alijua kazi yake.

"Shemeji, hii chukua wewe," alimwambia Masinde akiweka gramafoni mezani. "Mimi nitaifanyia nini? Haina hata mtu wa kuimba."

Kwenye kasha la sahani palikuwa na picha ya mtu mweusi wa Marekani, amevaa suti, ameinamia gita kubwa kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Masinde aliifuta sahani kwa pindo la shati akaweka sindano.

Mwikali alikuwa ameketi kitandani, akimsuka Nafula. Gita likaanza, polepole, na ngoma laini nyuma yake iliyosikika kama mtu anayefagia uwanja kwa ufagio mkavu. Akatega sikio, akangoja mwimbaji aingie. Alijua mahali pa kuingia. Mwimbaji yeyote angejua. Mahali pakafika, pakapita. Akadhani labda ataingia mara ya pili. Hakuingia. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine, mpaka sindano ikafika katikati ya sahani ikaanza kukwaruza. Mwikali aligundua ameshika msuko mmoja wa Nafula muda wote huo bila kuumaliza.

"Mwimbaji yuko wapi?" aliuliza kwa ule mnong'ono wake.

"Hakuna," Gaudencia alisema. "Lakini hizo nyimbo zote ziko na maneno. Ni nyimbo za zamani za kwao, za sinema na maonyesho, za kabla ya vita. Yule mama alikuwa akiweka hii sahani halafu anafuma sweta, na mdomo unaenda tu, bila sauti. Nilimuuliza. Akaniambia kwao kila mtu anazijua, ndiyo maana huyu bwana haoni haja ya kuimba. Anakuachia wewe."

Masinde hakuwa akisikiliza mazungumzo. Alikuwa amekwisha kurudisha sindano mwanzo.

Jioni iliyofuata, aliporudi kutoka kazini, aliteremsha gita akalipangusa vumbi, akakaa mbele ya gramafoni. Vidole viwili alivyozoea havikumfikisha popote. Yule mtu wa kwenye sahani alishika nyuzi nyingi kwa pamoja: ya juu ikatembea peke yake na wimbo, za chini zikainuka na kushuka pamoja nayo kama watu waliobeba machela, wanaopima kila hatua kwa ajili ya aliye juu. Masinde alikosea, akarudia, akakosea tena. Alifundisha kidole cha kati, kisha cha pete, kama watu wazima wawili wanaoanza darasa la kwanza. Majirani walidhani ameharibikiwa. Betri zilikuwa ghali, hivyo alisikiliza kipande kidogo, akazima, akakitafuta kwenye nyuzi mpaka akipate, ndipo awashe tena.

Mwikali hakuchukia. Zilikuwa nyimbo za watu wa mbali, maneno yake hayajui, hazikumdai chochote. Wakati mwingine, akipika, alijikuta akizingoja. Kulikuwa na mmoja wenye huzuni ya pole ambao aliupenda hasa, na Masinde alipoupiga mzima kwa mara ya kwanza bila kosa, alimtazama mumewe akatikisa kichwa kwa mshangao, wakacheka wote wawili. Walikuwa hawajacheka kwa ajili ya muziki tangu hospitali.

Ndipo ikaja ile siku ya Agosti, siku ya manyunyu na ukungu, wakati Mlima Kenya haujaonekana kwa wiki nzima. Mwikali alikuwa ameenda kukata majani ya mbuzi. Alipokaribia nyumba akasikia gita, na kwa hatua chache hakuelewa anachosikia. Kisha akaelewa. Ulikuwa wimbo wake wa chungu.

Uzi wa juu ndio uliokuwa ukiimba. Haukukosa kitu. Pale kwenye neno *moshi*, ambapo yeye alizoea kulishika neno kidogo kabla ya kuliachia, uzi nao ulilishika. Pale alipovuta pumzi, gita likavuta pumzi.

Aliangusha majani akafungua mlango.

"Nani amekupa hiyo?"

Masinde aliinua uso, bado ana furaha ya mtu aliyepata kitu kilichopotea. "Mama Nafula, sikiza, nimepata. Nimetafuta huu mwezi wote."

"Nauliza nani amekupa." Mnong'ono wake ulikuwa ukikwaruza hata yeye mwenyewe ukamwumiza. "Ni yangu. Hata pale ninapopumua umechukua."

"Nilitaka kukusikia tena."

"Mimi niko hapa."

"Najua uko hapa."

"Haujui. Ungejua haungepiga hiyo. Mimi nimepoteza, wewe umeokota, sasa unatembea nayo mbele yangu." Akashika shingo yake, pale penye kovu. "Umeniambia nimekufa, Baba Nafula."

Masinde aliweka gita chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Hakuwa mtu wa maneno. Alizoea kuongea na wenzake kwa bendera na taa.

"Basi," alisema mwishowe. "Sitaipiga tena. Mpaka wewe mwenyewe useme."

Mwikali alitoka nje kuokota majani ya mbuzi, na humo kwenye manyunyu akalia bila sauti, kwa kuwa hakuwa nayo.

Maisha yakaendelea. Masinde alipata kazi ya Jumamosi mchana katika hoteli ya Kobia, Mmeru mmoja mfanyabiashara aliyefungua mahali pa chai na nyama karibu na soko la Nyeri. Alikaa pembeni akapiga nyimbo za ile sahani, na nyingine alizojitungia kwa mtindo uleule. Walimu na makarani walizipenda kiasi. Baada ya miezi michache alirudi nyumbani mapema akasema Kobia ameleta vijana wenye gita za umeme. Mwikali akaamini. Vijana wa gita za umeme walikuwa wamejaa kila mji.

Alikuja kujua ukweli karibu mwaka mzima baadaye, alipokutana na Kobia sokoni akichagua kabichi.

"Bwana yako ni kichwa ngumu, mama," Kobia alimwambia, na hakuonekana mwenye uchungu, zaidi alishangaa tu. "Mimi nilikuwa nampenda. Lakini watu wakaanza kumwuliza ile wimbo yenu ya chungu. Kila Jumamosi, chungu, chungu. Wazee wametoka mpaka Gakindu. Nikamwambia, piga hata mara moja tu. Anakataa. Nikamwambia basi nitakuongeza. Anakataa. Nikamwuliza, kwani umesahau? Ati anajua yote, lakini hana ruhusa. Ruhusa ya nani, nikauliza. Alifunga gita yake kwa gunia akaenda."

Mwikali alilipia mboga zake akatembea mpaka nje ya soko. Mji ulikuwa na shughuli zake. Alitaka kukaa chini mahali, lakini hapakuwa na mahali pa kukaa mwanamke peke yake bila kuulizwa ana nini, basi akaendelea kutembea. Alikuwa na haya, na chini ya haya hasira ilikuwa bado ipo, haijaondoka. Ahadi ya Masinde ilikuwa mzigo ambao yeye ndiye aliyemtwika, naye ameubeba mwaka mzima bila hata kuhema ili asimsikie. Usiku huo alimpakulia nyama nyingi kuliko kawaida. Hakumwambia sababu, na hakumpa ruhusa.

Aprili ya sabini na moja, Wachuka hakuonekana stesheni na beseni lake la nduma. Mwikali alienda kumtazama. Alimkuta katika nyumba yake ndogo mteremkoni, amelala karibu na moto, miguu imevimba, pumzi inapanda kama mtu anayepanda mlima. Binti wa jirani alikuwa akimpikia uji.

"Mwikari. Umekuja." Akampapasa mkono. "Mimi naenda."

"Usiseme hivyo, cucu," alisema Mwikali, akimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Kwa nini nisiseme? Ni ukweli. Simeon kama yuko huko nitamwona. Kama hayuko huko, basi yuko hai mahali, na hiyo pia ni nzuri." Alipumzika kidogo. "Niimbie ile."

"Cucu, unajua siwezi."

"Jaribu kidogo tu."

Mwikali akajaribu. Hakuwa amejaribu tangu mwaka ule wa hospitali, hata akiwa peke yake shambani. Alifungua kinywa akaanza *usifunike*, na kilichotoka ni hewa, kisha mkwaruzo, kisha kikohozi. Alijiziba uso kwa leso.

Wachuka alingoja mpaka kikohozi kikapita. Macho yake yalikuwa makali bado.

"Mimi sitafuti sauti yako, mwanangu," alisema polepole. "Sauti ilienda, nililia pamoja na wewe. Natafuta ile wimbo. Wimbo haikuenda. Wewe uliiweka wapi?"

Mwikali alikaa hapo mpaka mwanamke mzee akasinzia, akapandisha mablanketi mpaka mabegani mwake, akaondoka.

Masinde alirudi kutoka zamu jua likiwa limeegemea upande wa milima ya Aberdare. Alimkuta mkewe ameketi kwenye kigoda, gita limewekwa kitandani, limekwisha kufutwa vumbi.

"Piga ile ya chungu," Mwikali alisema.

Masinde alimtazama usoni, akaona kwamba asiulize. Akakaa, akapiga. Vidole vyake vilikuwa vimeukumbuka. Mwikali alisikiliza akiwa amefumba macho, na mara hii, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa maumivu, alisikia na mengine. Alisikia makosa.

"Simama," alinong'ona. "Hapo kwenye *moshi* unakimbia."

"Nilidhani ulikuwa unashika hapo."

"Nilishika, ndiyo. Lakini baadaye sikukimbilia. Niliacha iende yenyewe." Akasogeza kigoda. "Na ubeti wa tatu sikupumua pale. Hapo mama anaangalia mlango. Mtu akiangalia mlango hapumui."

Masinde alirudia. Yeye akamsimamisha tena. Alianza kumnong'onezea maneno sikioni, mstari kwa mstari, naye akayatafutia mahali kwenye nyuzi. Alimweleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba ubeti wa mwisho aliuimba kila mara akiiona mikono ya mama yake, kwamba neno *njiani* la kwanza na la pili si moja, la kwanza ni tumaini na la pili ni mazoea. Nafula alikuja mlangoni akasikiliza kisha akaenda kuwasha jiko mwenyewe, akaona leo wazazi hawatapika.

Kesho yake alasiri walimwendea Wachuka. Masinde aliketi kwenye gogo karibu na kitanda, gita gotini. Mwikali alikaa upande wa kichwani. Mvua ilikuwa imesimama kidogo na mlango ulikuwa wazi.

Alipiga taratibu. Wachuka alikuwa amefumba macho, na mwanzoni Mwikali alidhani amelala. Ndipo akaona midomo. Mwanamke mzee alikuwa akiyasema maneno yote, kwa mpangilio wake, bila sauti, na alipofika kwenye *mtoto yuko njiani* akatia jina. *Simeon yuko njiani.* Alilitia kila mara. Mwikali alijua sasa kwamba ndivyo alivyokuwa akiimba miaka yote ile, pale karibu na mlango wa ukumbi, na yeye mwimbaji hakuwahi kusikia, kwa kuwa alikuwa akijisikia mwenyewe.

Akashika mkono wa Wachuka, naye akayasema maneno kwa midomo. Akalitia jina la Mutua. Walienda hivyo wawili mpaka mwisho, na Masinde, aliyekuwa akiwatazama midomo, akawafuata.

Wachuka aliishi wiki mbili zaidi. Kila alasiri Masinde asipokuwa zamu walikwenda. Alizikwa kwenye kipande chake cha shamba, kati ya migomba na uzio wa jirani, na watu walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, kwa maana ni nani Kiganjo ambaye hakuwahi kula nduma zake akingoja treni? Baada ya maombi Masinde alipiga ule wimbo. Mistari miwili ya kwanza watu walinyamaza. Kisha mwanamke mmoja akaanza, mwingine akampokea, na kabla ubeti haujaisha mazishi yote yalikuwa yanaimba, wazee kwa vijana, kila mtu na jina lake mahali pake. Mwikali alisimama katikati yao na kinywa wazi. Hakuna aliyemtazama kumwonea huruma. Walikuwa wanaimba tu.

Siku chache baadaye Muriithi, mzee wa kanisa lao, alikuja nyumbani akakataa chai mpaka kwanza aseme kilichomleta. Walitaka Mwikali ashike kwaya.

"Mzee, unacheka mimi? Sina sauti."

"Sauti tuko nazo, mama, mpaka zinatusumbua," Muriithi alisema. "Hatuna mtu wa kusikia."

Akaikubali kazi hiyo. Kwaya ya Kiganjo ikajulikana kwa jambo moja geni: waimbaji wake walikuwa watulivu kupita kwaya zote za Nyeri, kwa kuwa mwalimu wao alinong'ona, na asiyetulia hakusikia kitu. Masinde aliwapigia mstari wa wimbo kwenye uzi wa juu mpaka waushike. Alijifunza na nyimbo nyingine za watu, za Kikuyu, za Kimeru, za Kibukusu, akazipiga kwa namna ile ya kuacha nafasi ya maneno, na watu waliojua maneno walikuja kukaa karibu naye. Sahani yenyewe ilichakaa, mifereji yake ikawa myeupe, na siku moja sindano ikakataa kabisa. Hakuhuzunika sana. Kilichokuwamo alikuwa amekwisha kukitoa.

Kifua ndicho kilichomwondoa Masinde, mwaka wa themanini. Aliugua tangu mvua za vuli mpaka Januari, na siku za mwisho hakuweza kukandamiza nyuzi, akawa anaweka tu vidole juu yake. Mwikali alikuwa akimfunika. Hawakuwa na mengi ya kuambiana. Ndugu zake walikuja kumchukua, akazikwa Kimilili kwa baba zake, na watu wa huko walimpa Mwikali heshima zote za mjane, wakamwomba abaki. Alikaa mpaka siku za kilio zikaisha, akawashukuru mmoja mmoja, akawaambia Nafula bado yuko shuleni na yeye ana kazi Kiganjo.

Wanakwaya hawakumtarajia Jumamosi ile. Alipoingia kanisani, mwenye nguo nyeusi, walisimama wote. Walikuwa wamejifunza wimbo wa kumfariji, bila mtu wa kuwaongoza, wakauimba. Mwikali aliwasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mgongo wa benchi. Baadhi yao walikuwa wakilia, na yeye pia.

Akajifuta macho, akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Asanteni," alinong'ona, nao wakasogea mbele ili wamsikie. "Lakini sauti ya pili imeshuka chini. Tuanze tena."